Pomboo na Magoti ya Muuguzi

Kwetu, kusini mwa Unguja, pomboo alikuwa chambo. Nimekua nikiwaona wazee wakimkatakata ufukweni ili wakavulie papa, na mafuta yake yakikaangwa ya kupaka mashua na viungo vinavyouma. Basi fikiria nilivyoduwaa, miaka ile ya tisini huko ughaibuni, mjini Saint Paul, nilikokwenda kusoma na kufanya kazi hospitali, muuguzi mkuu wa wodi yetu aliponiambia kwamba tangu utotoni ana ndoto moja: kuogelea baharini na pomboo. Nilidhani ananitania.

Hakuwa na utani. Alikuwa mama wa Kizungu, mtu mzima, wa kitongoji cha Golden Valley, na kila asubuhi alinipitia mtaa wa Frogtown, nilikopanga chumba na Mkenya mmoja, akanipeleka kazini, hospitalini Maplewood. Sikuwa na gari, na kule asiye na gari ni sawa na asiye na miguu. Wala sikuwa na mwingine wa kumwita mzazi. Nilipomwambia kwamba pomboo wako mbele ya kijiji chetu, na kwamba wageni wameanza kwenda kuwatazama, akakata tiketi. Nikamwandikia baba, mvuvi mwenye mashua yake, ampokee. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: mama huyu amwone baba yangu kuwa ni muungwana.

Alirudi mwezi wa pili, theluji imefunika ngazi zetu. Jumatatu alinipitia akiwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, na kabla sijafunga mkanda akaanza kusimulia. Aliruka majini akitetemeka. Pomboo wakampitia chini ya tumbo, karibu kiasi cha kumgusa. Mmoja, mwenye mtoto ubavuni, alipunguza mwendo akamgeuzia jicho. "Alinitazama," aliniambia, "kama mtu anayetaka kujua nimetoka wapi." Alilia ndani ya miwani ya kuzamia mpaka ikajaa maji, na baba ndiye aliyemshika mkono kumpandisha chomboni. Nilivimba kwa fahari, sikatai.

Kisha akanionyesha magoti. Siku zote alipanda ngazi za hospitali kwa kushika ukuta. Baba alimwona akihangaika kuingia mashuani, akampa chupa ya mafuta, akamwonyesha kwa ishara apake asubuhi na jioni. "Sijui yanatoka mti gani," alisema, "lakini jana nimepanda ngazi za nyumbani bila kushika kitu." Akatoa barua ya baba, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu kama alivyozoea, akaniomba nimsomee palepale.

Nikasoma na kutafsiri kwa mbwembwe, mdomo umeitangulia akili. Msalimie sana mama yako wa huko. Tumefurahi naye, ana adabu na anakula vizuri. Mafuta asiyachanganye na kitu, ni mafuta safi ya pomboo.

Nilishtukia maneno yameshatoka. Ulimi hauna mfupa. Alinitazama, akayatazama magoti yake.

"Pomboo hawa?" akauliza.

Nikajaribu kumweleza kwamba ni mafuta ya zamani, kwamba watu wameacha kuwavua. Akazima redio. Akaendesha mpaka Maplewood.

Jioni yule Mkenya alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Boss, si ungemshow tu ni ya nazi? Sasa kesho uta-walk mpaka job?"

Kesho yake muuguzi alikuja, macho yamevimba. "Nimeyamwaga yote kwenye sinki," alisema. "Nilishindwa. Kila nikifungua chupa naliona lile jicho." Na mimi, mtoto wa mvuvi, niliyelelewa kwa chambo hichohicho, nikamjibu kwamba amefanya vyema. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba wazee wetu hawajui mambo. Nilisema hivyo ili asiniache. Akanipigapiga begani, tukaendelea na safari.

Jumapili nikapiga simu mjini, nyumbani kwa shangazi, ambako wazazi wangu walikuwa wakija kunisubiri. Mama ndiye aliyepokea. Nikamwuliza habari za baba.

"Magoti yamemkamata," akasema. "Siku hizi anasali ameketi. Leo ameshuka garini kwa kushikwa mkono."

Nikauliza mbona hapaki mafuta yake.

"Mafuta gani tena? Pomboo havuliwi siku hizi, mwanangu. Ile chupa ndiyo ilikuwa ya mwisho, alijiwekea mwenyewe. Nilimwambia ampimie bibi wa watu kidogo, akanigombeza. Akasema mgeni hapimiwi."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu alipona mgeni, na dawa ya mwenyeji ikaishia kwenye bomba la maji machafu Golden Valley, kwa baraka zangu mimi. Niliona aibu ambayo mpaka leo sijaipatia pa kuiweka.

Baba akachukua simu. Nikamwamkia. Hakuuliza masomo wala baridi; aliuliza magoti ya mama yangu wa huko. Nikamwambia anapanda ngazi bila kushika ukuta.

"Alhamdulillahi," akasema, na nikamsikia akicheka kwa furaha. "Mwambie asiyabanie. Apake mengi."