Nilijenga ukuta wa kuzuia udongo Kolwezi, wachimbaji wakaja kuuchimba

Wakuu, salaam kwenu nyote wa jukwaa la ujenzi.

Haya yamenikuta mwenyewe, na ukuta upo mpaka leo. Mwenye shaka apande basi aje Kolwezi aupime. Sitaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema.

Kwanza mnijue. Mimi ni dereva wa excavator mgodini, huu mwaka wa kumi na moja. Naishi Dilala, kwenye zile nyumba za zamani za kampuni ya madini. Binti yangu wa kwanza anaitwa Gracia, kwa hiyo mtaa mzima unaniita Tata Gracia.

Kiwanja changu kiko kwenye mteremko.

Chini yangu anakaa Mama Véro, mwalimu wa shule ya msingi, na watoto wake watatu. Chumba cha watoto kiko karibu kabisa na mpaka wetu, hatua mbili tu.

Mwaka jana niliamua kusawazisha ua wangu. Nikakata udongo upande wa juu, nikajaza upande wa chini, na ili usimwangukie jirani nikajenga ukuta wa blocks, urefu wa mtu mzima. Nyuma yake nikamwaga udongo uleule mwekundu na kuushindilia mpaka ukawa mgumu.

Tundu la kutolea maji sikuacha hata moja. Niliona matundu yatamwagia Mama Véro maji uani, nikajihesabu jirani mwema.

Fundi mmoja wa mtaani, Tata Kabwita, alipita akasimama, akaangalia.

"Tata Gracia, mayi ya mvula itatokea wapi?"

Nikamjibu kwamba mimi kazini nahamisha milima kila siku. Ndiyo wakuu, nilisema hivyo, mbele ya watu. Nikikumbuka natamani ardhi inimeze.

Mvua zikaanza. Huku zikianza si utani.

Jumapili moja baada ya misa, Mama Véro akabisha hodi akiwa na fimbo mkononi. Kumbe wiki moja kabla alikuwa amekata fimbo hiyo kwa kipimo, ienee sawasawa kati ya ukuta wangu na ukuta wa chumba cha watoto.

"Ile siku ilikuwa naingia muzuri. Leo inakatala," akasema. "Mur yako iko natembea, Tata Gracia. Batoto nimebatosha mu chumba, beko nalala mu salon."

Nikashuka naye. Nikajaribu kuipitisha mwenyewe, mara mbili. Haikuingia. Ukuta ulikuwa umetoa tumbo, umesogea kama vidole viwili kwenda kwake.

Ukuta ule ukianguka, unaangukia vitanda vitatu vya watoto. Na yule mama hakunipigia kelele hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa Tata Kabwita, mdogo kama piritoni.

Alicheka kidogo, kisha akachukua vifaa. Tukaanza kwa kutoa udongo wa nyuma, kuanzia juu, ili kuupunguzia ukuta mzigo. Halafu tukaubomoa block moja baada ya nyingine. Niliomba likizo kazini kwa ajili hiyo.

Ukuta wa pili ulikuwa kazi ya kweli. Msingi mpana, umezama mpaka kwenye udongo mgumu. Ukuta wenyewe wa mawe, umelala kidogo kuelekea mlimani. Mabomba ya kutolea maji chini, moja kila hatua. Nyuma yake tabaka nene la mawe matupu, kisha magunia yaliyotandikwa ili udongo usije ukaziba mawe. Mbele, mfereji wa zege unaopeleka maji pembeni mpaka barabarani, bila kugusa ua wa Mama Véro.

Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga wa pili.

Mawe ya kujaza nyuma niliagiza mimi. Lori likaja, nusu ya mawe yana rangi ya kijani.

Kwa wale wa mbali: huku kwetu jiwe la kijani maana yake kuna shaba. Hata mtoto wa chekechea anajua. Na Kolwezi watu wamewahi kuchimba mpaka sebuleni kwao.

"Iyi majiwe iko vert, rudisha," Tata Kabwita akaniambia.

Nikamwambia jiwe ni jiwe, na litakuwa nyuma ya ukuta, nani ataliona? Tukajaza.

Mvua kubwa ya kwanza ikapiga. Mabomba yote yakatema maji, isipokuwa mawili ya mwisho ambayo sikuyajali. Ukuta haukutikisika. Nikapiga picha, nikatuma kwenye group la familia. Nilijisikia engineer.

Ila maji yalitoka na mchanga wa kijani. Mfereji ukaupeleka barabarani. Na barabarani wanapita wachimbaji wadogo, vijana wa kutoka kila kona ya Congo, wenye macho ya kuona kijani hata kwenye vumbi.

Baada ya siku mbili narudi kutoka shift nakuta vijana wanane wana sururu na mitarimbo. Wameshachimba shimo la kufika kiunoni, kwenye mguu wa ukuta, upande wa Mama Véro.

Na Mama Véro mwenyewe yuko ndani ya shimo.

Amesimama humo na nguo zake za shule, chaki bado vidoleni, amekunja mikono.

"Muchimbe na miye humu mu ndani," anawaambia. "Juu ya ile mur kuko mulima, chini kuko batoto bangu. Muchimbe basi!"

Wakuu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mwenye ukuta ni mimi, anayeulinda ni yeye.

Sikuwafokea. Nikauliza mkubwa wao ni nani, wakanionyesha mmoja wanayemwita PDG, cheo cha kiongozi wa timu. Nikamweleza ukweli kwamba chini hakuna kitu, mawe yaliletwa na lori.

"Ile bintu banatuambiaka kila siku, tata."

Nikachukua chepe, nikapanda naye juu, nikafukua mbele yake. Akaona magunia, mawe, bomba. Akaokota jiwe moja, akalitemea mate, akalisugua kwa dole gumba. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Bantu banatafuta iyi kule chini kabisa, weye unaizika nyuma ya mur?"

Hapohapo nikampa pendekezo. Kwanza wafukie shimo na kulishindilia mpaka Tata Kabwita akubali. Baada ya hapo mawe ya kijani wachukue yote, ila kila gunia linalotoka, lirudi gunia la mawe ya kijivu, safi.

Akawaangalia wenzake. Akamwangalia Mama Véro, ambaye alikuwa hajatoka shimoni. Akampa mkono kumvuta juu, na kumwomba radhi.

Ilichukua siku mbili. Walijipanga mstari, gunia likipita mkono kwa mkono, na kila kipande cha nyuma ya ukuta walikifungua na kukijaza kabla ya kugusa kingine. Mawe makubwa chini, madogo juu. Sikuwafundisha mimi.

"Mu shimo, mayi njo adui ya kwanza," PDG akaniambia. "Inauwaka mbele, majiwe inafuata."

Alimwaga ndoo ya maji nyuma ya kila bomba kuhakikisha yanatoka. Yale mawili ya mwisho yakagoma. Yalikuwa yamezibwa na simenti, kazi ya Tata Kabwita mwenyewe, ambaye ghafla alikumbuka ana shughuli nyumbani.

Wakayazibua.

Kwa hiyo somo, wakuu. Udongo mkavu unashikika, udongo uliolowa na kukosa pa kutolea maji hakuna ukuta wa kuushika. Weka matundu, weka mawe nyuma, elekeza maji mahali panapoeleweka. Na kama uko huku kwetu Lualaba, mawe yawe ya kijivu!

Mama Véro hakuamini haraka, na namuelewa. Watoto walilala sebuleni msimu mzima wa mvua.

Juzi, asubuhi baada ya mvua iliyong'oa mabati mtaani, nikasikia vitanda vinaburutwa kule chini. Nikachungulia. Ameshaukagua ukuta, ameshafagia chumba.

"Tata Gracia, kuya unisaidie matela."

Nikashuka mbio na kandambili. Nilibeba mwenyewe magodoro yote matatu kutoka sebuleni hadi chumbani, sikutaka mtu anisaidie.

Karibuni kwa maswali na matusi pia. Tata Kabwita yuko hapa pembeni anasoma, na ile habari ya simenti anaikana.