Mama Ndoo na Darasa la Karakana

Miaka kumi na saba alikuwa akipiga deki zahanati, na watu walimzoea na ndoo yake hata jina lake wakalisahau. Wakamwita Mama Ndoo. Siku moja karani alimsukumia karatasi na kidau cha wino.

"Fomu ya likizo, mama. Weka dole hapo."

Akaweka, tena akashukuru.

Jioni binti yake aliisoma nakala, akairudia tangu mwanzo.

"Mbona unairudia?"

"Mama, hii si likizo. Ni onyo. Umekubali kwamba unalala kazini."

Kulala! Yeye, aliyeijua sakafu ile ufa kwa ufa! Lakini kilichomchoma zaidi si uongo wa karani. Ni ile "asante" aliyoitoa kwa mdomo wake mwenyewe.

Kesho yake alimwendea mkuu wa shule kuomba chumba cha kusomea watu wazima jioni. Mkuu hakuinua hata macho. "Mama, samaki mkunje angali mbichi. Nyinyi mmeshakauka."

"Basi tutavunjika," alimjibu, "lakini hatutakaa kimya."

Ofisi ya elimu nayo ikamzungusha: njoo wiki ijayo, mara tatu. Ndipo akaenda kwa seremala, ambaye naye alikuwa mtu wa dole gumba. Seremala akatoa karakana yake na mbao za kukalia, akapaka ubao rangi nyeusi. Mwalimu mstaafu, bibi mkali mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akakubali kufundisha. Muuguzi mkuu wa zahanati akaleta fomu tupu, ili watu wajifunze kusoma yale yale wanayoyatilia dole. Wakaja wapishi, wauza mboga, wachukuzi, hadi wakafika ishirini na sita. Mchukuzi mmoja alipoandika jina lake ubaoni mara ya kwanza alikataa lifutwe. Wiki nzima mwalimu akawa anaandika pembeni mwake.

Mwezi wa saba wa masomo Mama Ndoo aliandika barua ya kupinga onyo, mistari minne, kwa siku mbili. Onyo likaondolewa kwenye jalada lake. Radhi hakuombwa na mtu.

Mwaka haujaisha, afisa wa elimu akatokea karakanani na mpiga picha na bango refu. Akalitundika ukutani, akawapanga wanafunzi wote chini yake.

"Mama, inua kalamu. Tabasamu."

Mama Ndoo aliinua uso badala ya kalamu, akalisoma bango kwa sauti, silabi kwa silabi: "O-fi-si ye-tu i-me-wa-to-a u-ji-nga-ni."

Akamgeukia afisa.

"Ofisi ipi, mwanangu? Hizi mbao ni zenu? Chaki mlileta nyinyi? Na ujinga ni wa nani? Nilikuwa sijui kusoma. Mjinga sikuwa!"

Afisa akacheka cheko la meno. "Mama, hayo ni maneno tu."

"Maneno tu? Maneno tu ndiyo yaliyonifanya mvivu kwa dole langu mwenyewe!"

Seremala akapanda ngazi, akalifungua bango, akalikunja vizuri, akamkabidhi afisa.

Afisa alikuwa ameahidi madawati arobaini. Hayajaja hadi leo, na wapo wanaomlaumu Mama Ndoo: si angetabasamu tu, picha moja ingempunguzia nini? Yeye huwajibu kwamba makalio yameshazoea mbao, ila roho haijazoea kutukanwa.