Kichuguu cha mama juu ya meza ya feti

Mutu asinipongeze juu ya breve ya mama, ile cheti walimupa! Niko na kasirani.

Juma iliyopita, wenye kupanga feti, sikukuu ya uyoga, hapa Goma walimufuata mama kwake Kalengera. Akawaonyesha kichuguu chenye anachumaka uyoga tangu mimi mutoto. Akawafundisha: unazungusha uyoga polepole mupaka utoke, unarudisha udongo kwa tundu, mvua ingine utaota tena.

Leo tunafika kwa feti. Juu ya meza ya mbele kuna nini?

Kichuguu chenyewe!

Walikichimbua kizima na jembe, eti kipendeze kwa foto.

Na animateri, mwenye kuongoza feti, ako kwa mikro: «Musichimbue! Murudishe udongo!» Maneno ya mama, yale yale. Watu wakapiga makofi.

Mama akaenda kukigusa. Kimekauka, hakuna hata muchwa moja.

«Papa, hiki mutakirudisha wapi?»

Animateri akacheka, akamupa breve, wakapiga foto.

Sasa tuko njiani. Mama hajui kusoma, ananiuliza imeandikwa nini.

Imeandikwa eti leo *amefundishwa* kuchuma uyoga.

Mumujibu nyinyi.