Vile mathe aligeuza sufuria nikaikosa private college ya ndoto zangu

Wakuu, niaje.

Naona kila wiki mtu anauliza hapa kama aende private college ama ya serikali. Wacha niwape yangu. Mimi ni mpishi, lakini hii story sitaiongeza chumvi.

Nimezaliwa Kianda, mtaa wa hapa Nairobi, nyumba moja ya kupanga, mimi, mathe na sista yangu mdogo. Mathe ni Mluhya, amepika chapati hapo nje ya ploti tangu nikiwa nursery. Mimi nina jina la babake, kwa hivyo hata akinikasirikia bado ananiita papa.

Nilipomaliza form four nilitaka kitu kimoja tu: food production, course ya upishi. Na nilikuwa nimeshachagua mahali. Private college fulani Kawangware 46, ghorofa ya tatu. Blazer ya maroon. Intake kila mwezi. Brochure ilikuwa na msee amevaa kofia ndefu ya chef, anacheka mpaka magego yanaonekana.

Technical ya serikali pia nilikuwa nimepata nafasi. Lakini hiyo ni ya kungoja miezi, majengo ni ya kitambo, na mtaani walisema walimu huko wanagoma kila saa.

Sasa shida. Mathe alikuwa amejinyima miaka mingi ndio nisome course moja. Moja tu. Nikikosea, hakuna ya pili, kwa sababu baada yangu ni zamu ya sista.

Na mimi na haraka zangu nilikuwa nimeshapeleka jina kanisani niombewe! Pastor akanisimamisha mbele, college ikatajwa kwa mic, wamama wa choir wakapiga vigelegele. Ungerudi nyuma aje hapo?

Siku ya kwenda kujisajili mathe akavaa nguo ya Jumapili, akajifunga leso juu. Tukatembea hadi Kawangware. Director mwenyewe akatupokea na soda baridi na Kizungu tamu. Mimi naitikia tu kila kitu.

Mathe akamaliza soda, akaweka chupa chini. Halafu akauliza, "Jikoni ni wapi?"

Jikoni palikuwa panang'aa. Sufuria zimepangwa kwa shelf kubwa hadi ndogo. Mathe akachukua moja, akaigeuza, akaangalia chini.

Wakuu, nilitamani niingie chini ya meza. Mamangu anageuza vyombo vya watu mbele ya director!

Sticker ya bei ilikuwa bado imebandikwa chini. Akageuza ya pili. Sticker. Ya tatu, hivyo hivyo.

"Hizi ziko hapa tangu lini?"

"Miaka mitatu, mama. Lakini hapa tunaanza na theory," director akasema.

"Mayoo! Miaka mitatu na hazijawahi kuona moto?"

Akazirudisha pole pole vile zilikuwa, akashukuru kwa soda, tukatoka.

Njiani nililia. Ndio, kijana mzima na ndevu zimeanza, nalia katikati ya wauza mitumba. Nikamwambia ameniaibisha. Nikamwambia kupika chapati si catering, hajui mambo ya college. Hiyo ya mwisho inaniuma mpaka leo.

Alinunua hindi choma, akalivunja, akanipa kipande kikubwa.

Wiki hiyo hiyo akanipeleka ile ya serikali. Rangi ya ukuta imebambuka, wanafunzi watano kwa jiko moja, moshi, kelele, madam mmoja mnene anafokea mtu aliyeunguza vitunguu. Akamwona mathe ameinama kwa sufuria.

"Mama, umepoteza kitu?"

"Natafuta masizi," mathe akasema.

Madam akacheka mpaka akashika meza. Akamshikisha sufuria moja imebonyea, mpini umefungwa na waya. Mathe akapitisha kidole chini, kikatoka cheusi tititi. Akakipangusa kwa shati yangu nyeupe ya interview.

"Papa, utasoma hapa."

Kuhusu kanisa, Jumapili alisimama kwa testimony akasema Mungu ametupatia college iliyo na masizi. Watu wakasema amina bila kuelewa kitu.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa raha. Nilingoja intake nikimsaidia kusukuma chapati. Mgomo ulikuja kweli, tukakaa nyumbani. Lakini siku ya kwanza ya attachment, yale mazoezi ya kazini, nilipewa jiko la watu wengi na nikajua pa kuanzia.

Sasa niko jikoni kwa hoteli moja huku Nairobi. Mwezi uliopita nikaomba ruhusa nimlete mathe aone. Akasalimia kila mtu, hata wa kuosha vyombo, halafu akaenda moja kwa moja kwa sufuria yangu kubwa. Akaigeuza, akapitisha kidole, akakipangusa kwa jacket yangu nyeupe.

"Sawa. Sasa chai iko wapi?"

Head chef aliniambia nibadilishe jacket. Nikamwambia nitabadilisha mathe akishaenda.

Funzo langu ni hilo tu. Sisemi private zote ni mbaya, ziko za nguvu. Lakini usichague na brochure. Ingia mahali kazi inafanyiwa, ushike kitu, uone kama kimetumika. Na kama mzazi wako anaijua hiyo kazi, mwache aguse vyombo, hata akikuaibisha.

Haya, nyinyi mlichagua aje? Leteni, hata za kunipinga. Mathe amekaa hapa kando yangu na unga kwa mikono, anataka nimsomee zote.