Matanga ya Kuzuia Gundi ya Serikali

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na kwa diploma yote, kwamba gundi ya Serikali haishiki kwenye mlango wa nyumba yenye matanga. Habari hiyo niliipata kwa kinyozi wa mtaa wetu, Kamalondo, kichwa changu kikiwa kimenyolewa upande mmoja tu. Kule mtaa wa Katuba, alisema, mawakala wa taksi, yaani kodi, walikuja kufunga buveti ya mjane ambaye hakulipia ruhusa ya kuuza pombe. Wakapaka gundi, wakabandika karatasi yenye muhuri mwekundu, karatasi ikadondoka. Wakapaka tena, ikadondoka tena. Mara saba! Mara ya nane karatasi ikamshika wakala mwenyewe kwenye paji la uso, akarudi nayo kazini, na wakubwa wake wakakataa kumpokea kwa sababu alikuwa amefungwa rasmi.

"Juu ya nini ilikataa kushika?" nikauliza.

"Juu mule ndani mulikuwa matanga," kinyozi akasema. "Gundi inaheshimu kilio."

Wewe unacheka. Mimi nilitoka pale nimenyolewa pande zote mbili na nimesadiki kabisa. Tena sikuwa mtu wa kudanganywa hovyo. Nilikuwa nimepata diploma yangu miezi michache kabla, baada ya kusoma masomo ya jioni kwa muda mrefu mno: mwalimu wa hesabu niliyeanza naye alistaafu, akaja mwanawe, na huyo naye akaota mvi mbele yangu.

Sasa, shangazi yangu, dada ya baba, ana buveti palepale Kamalondo. Chumba kimoja kinachotazama barabara, viti kumi na viwili vya plastiki, na frigo. Mume wake, mtu wa reli maisha yake yote, aliinunua frigo hiyo kwa pesa za mwisho alizopewa siku ya kustaafu, kisha akafariki kabla haijapoza kreti ya pili. Ukiifungua bila ruhusa, shangazi anakutazama kana kwamba umempiga marehemu kofi.

Kwa hiyo siku wakala mmoja wa taksi alipomletea barua, shangazi alisimama kati yake na frigo, mikono kiunoni.

"Nililipa!" akasema. Akaleta kopo la maziwa ya unga alimotunza karatasi zake, akamwaga yote mezani.

Wakala, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alizichambua moja moja. "Mama, hii ni ya usafi. Hii ni ya kibao kule inje. Na hii..." akaigeuza kwenye mwanga, "hii ni ya loteri."

"Lakini ule alikamata feza yangu mwaka uliopita alikuwa na kofia!"

"Kofia haiko Serikali, Mama."

"Na Serikali yako, ilisafishaka ata kopo moja humu ndani? Ilifukuzaka ata mulevi moja?"

"Mama, mimi natumwa tu. Musome barua. Muisome yote." Akaaga kwa heshima, akaenda zake.

Mimi ndiye msomi wa ukoo, basi nikaitwa. Niliisoma nimesimama, sauti ya padri, nikitafsiri kile Kifaransa chenye tai na koti. Buveti inadaiwa ruhusa ya kuuza pombe ya miaka miwili. Ikipita siku nane bila malipo, mlango utafungwa kwa muhuri pamoja na vyote vilivyomo. Chini kulikuwa na saini ndefu kama treni ya mizigo.

"Vyote?" shangazi akauliza.

"Vyote."

"Ata frigo?"

"Shangazi, frigo iko ndani ya vyote."

Akakaa. Sijawahi kumwona shangazi akikaa mchana. Pesa ya kulipa miaka miwili kwa pigo moja hakuwa nayo, na frigo ikifungiwa gizani, bia ingekuwa supu. Hapo ndipo gundi ya Katuba ilipopanda kichwani mwangu kama povu, nikamsimulia yote, hata paji la uso la wakala.

"Ni kweli?" akauliza.

"Kweli kabisa. Kinyozi aliona."

Hakuona, lakini nilihitaji shahidi.

"Matanga ya nani? Utamuuwa nani?"

Tulipitia ukoo mzima kama watu wanaochagua kuku sokoni. Huyu bado ana watoto wadogo, yule atakasirika. Mwishowe shangazi mwenyewe akamtaja mdogo wa marehemu mume wake, anayeishi mbali kule Sakania na hapigi simu.

"Alikopaka baiskeli ya bwana yangu, hakurudishaka," akasema baada ya kufikiri. "Muzuri. Afe."

Siku ya nane ilikuwa Jumamosi. Asubuhi nilisimamisha matawi mawili ya mchikichi pembeni mwa barabara, kama inavyofanywa penye kilio, nikageuza viti, nikaweka sahani ya mchango juu ya frigo. Hesabu yangu ilikuwa majirani wanne, watosheleze macho ya wakala, kisha kila mtu aende kwake. Lakini Kamalondo, mtu akiona matawi yale, haulizi kama amealikwa. Kabla chai haijapoa, akina mama wa shirika letu la parokia walikwisha fika, vitenge vya sare, wimbo tayari mdomoni. Mimi nilihesabu watu elfu tatu. Shangazi anasema arobaini, lakini yeye hakusoma hesabu.

Akaja hata dereva mzee wa treni, rafiki wa "marehemu" wetu wa Sakania, akilia tangu mbali, nusu gunia la unga begani.

"Alinifundishaka kuendesha kinga!" akapaza sauti. Kinga kwetu ndiyo baiskeli.

"Ya bwana yangu," shangazi akaninong'oneza.

Unga ule ukaingia chunguni mara moja ili bukari iwe tayari kwa waombolezaji. Mimi nilizunguka na uso wa huzuni, ndani nikicheka, na kila dakika nikichungulia barabara.

Kwenye saa sita akatokea. Shati lilelile, mfuko begani, na chupa ya gundi imetoa kichwa nje. Alipoona matawi akasimama. Akavua kofia. Nikajifinya paja kwa furaha: gundi imeanza kuogopa!

Aliingia ameinama, akashika mikono miwili ya shangazi.

"Pole sana, Mama. Ni nani alituacha?"

"Shemeji," shangazi akajibu, macho chini.

"Alikuwa wa reli?"

"Jamaa yote ni ya reli."

"Baba yangu pia alikuwa wa reli," wakala akasema. "Tulimuzika mwezi uliopita. Sikumulia muzuri, Mama. Kesho yake nilirudi ku kazi."

Akatoa noti kwenye mfuko wa shati, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye sahani. Kisha akakaa kwenye kiti cha plastiki, mfuko wa gundi mapajani, akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Akina mama wa shirika wakauanza wimbo upya kwa ajili yake, polepole.

Shangazi alitazama sahani. Akatazama frigo. Namjua vizuri: atakudanganya umri wake, atakudanganya bei, ataapa bia ni ya baridi huku imetoka juani. Lakini niliona mkono wake unaelekea kwenye sahani, na nikaanza kumkonyeza, Shangazi, la, la, la.

Akaichukua ile noti.

"Shefu, shika feza yako."

"Mama?"

"Hakuna muntu alikufa."

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Frigo peke yake ikabaki ikinguruma, na nadhani hata Sakania waliisikia.

"Shemeji yangu eko muzima," shangazi akaendelea. "Nilitaka usifunge frigo. Sasa funga. Lakini feza ya kulia baba yako, mimi siwezi kuikula."

Kiongozi wa shirika akafungua kitenge na kukifunga tena kwa nguvu. "Sasa tunalia nani tangu asubui?"

"Eko muzima?" dereva mzee akaruka. "Basi unga yangu!"

"Iko mu chungu," akajibiwa.

"Basi mulete bukari yangu! Na mboga!"

"Ni nani alileta hii akili?" kiongozi akauliza.

Shangazi, damu ya baba yangu, hakusita hata kidogo. Akaninyooshea kidole. Macho elfu sita yakageuka.

Wakala alijipangusa uso kwa kitambaa. Sikuelewa kama bado analia au ameanza kucheka, na nadhani naye hakujua.

"Weye njo ulisoma barua?"

"Niko na diploma," nikajibu.

"Lete barua."

Nikaileta, safi kabisa, bila kunjo hata moja, kwa kuwa nilikuwa nimeitunza ndani ya bahasha ya diploma. Hakuangalia saini wala muhuri. Aliigeuza. Upande wa nyuma kulikuwa na mistari minne, maandishi madogo, ambayo tangu barua iingie nyumbani hakuna jicho lililoyafikia.

"Matanga haizuie kitu," akasema, bila ukali. "Gundi inashika fasi yote, mulango yote. Lakini hapa nyuma banaandika: mwenye kukuja ku ofisi anaweza kulipa kidogo kidogo, na mulango yake haifungwe. Mama akuje Jumatatu. Na weye, wakati banakupa karatasi, geuza."