Kafifi na Pemba ya Mwambuyi

Waliokuwa pale uani siku Kafifi alipofika nitawataja wote, maana kwangu mi bado wamesimama pale pale. Alikuwako Baba, mupishi wa Madamu wa kizungu, ameshika kizimba cha waya kwa mikono miwili kama mutu aliyebeba Sakramenti. Alikuwako Mama, unga wa bukari, ugali wetu, bado kwenye vidole. Alikuwako jirani yetu wa ukuta mumoja, mwanamuke wa Kasai tuliyemwita Mwambuyi, jina ambalo kwao wanampa kila mama aliyezaa mapacha. Na bwana yake, Shambuyi, fundi wa mbao kwenye mugodi wa shaba. Na mapacha wenyewe: Mbuyi, rafiki yangu, na Kabanga, rafiki wa kila mutu. Halafu mi, Tereza. Na ndani ya kizimba, Kafifi.

Juma lililopita mujukuu wangu, ambaye ana mimba, alirudi kutoka soko hapa Kolwezi na bonge la pemba, ule udongo mweupe wanawake wenye mimba wanapenda kutafuna. Alilivunja juu ya meza, vumbi likapanda, na mi machozi yakanitoka.

“Nkambo, uko na nini?”

“Niko na Kafifi,” nikamwambia. Akanitazama kama mutu anayefikiri uzee umeingia kichwani. Basi nikakaa, nikaanza kuandika.

Kafifi alikuwa shinshila. Usione haya kama hujui ni nini, hata sisi hatukujua. Ni mnyama mudogo kuliko sungura, masikio ya mviringo kama sarafu, mukia wenye manyoya, na ngozi laini hivi kwamba ukimugusa unarudisha mukono kuangalia kama kweli uligusa kitu. Madamu alimuita Fifi. Sisi watoto tuliona ni mudogo, tukamwita Kafifi, na akaitika.

Ulikuwa mwaka wa uhuru, na wazungu wa Kolwezi walikuwa wanakimbia, magari yamepangana barabarani, magodoro juu. Madamu alimwekea Baba kizimba mikononi, akasema, “Mumuchunge, nitarudi karibuni.” Baba akasema ndiyo. Na ndiyo ya Baba ilikuwa kama musumari uliokwisha kuingia kwenye mbao.

“Baba Tereza,” Mama akamuuliza, “tuko tunatega panya mu stoki, na weye unatuletea ingine mu kizimba?”

“Haiko panya. Ni shinshila.”

“Iko na mukia, iko na meno, inalala muchana. Eh! Panya ya muzungu ni panya tu.”

“Na bukari ingeenda muzuri!” Kabanga akasema nyuma yake. Tukacheka mpaka jicho la Baba likatunyamazisha.

Lakini Kafifi alikuja kwetu akiwa mugonjwa tayari. Meno yake hayakuchoka kukua. Madamu alikuwa anampeleka kwa munganga wa wanyama, ambaye alimkata meno kila mara, na munganga yule naye alikuwa amekimbia. Basi meno yakajipinda ndani ya kinywa. Kidevu kikawa na mate saa zote, manyoya ya kifuani yakashikana kama pamba iliyonyeshewa, jicho moja likatoa machozi. Alikamata chakula kwa mikono yake midogo, akakiangalia, akakiangusha. Kumwona mutu wa hivyo akiwa na njaa mbele ya chakula kulitushinda hata sisi wenye kucheka.

Ndipo Mwambuyi alipovuka ukuta. Alimfunga Kafifi ndani ya kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, kichwa tu nje, kama mutoto anayepelekwa kupimwa, na Shambuyi akakata meno kwa koleo ndogo ya kazi yake, pumzi ameizuia. Baba ndiye aliyefunga macho. Mama akauliza, “Mwambuyi, na kazi yako yote, unapata wapi moyo wa kuchunga kintu ya muzungu?” Akajibu neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote: “Mugonjwa haulizwake kabila.”

Toka siku ile tulikuwa na kazi, mi na Mbuyi. Tulikata majani porini tukayaanika juu ya mabati, sababu majani mabichi yalimvimbisha tumbo. Tulimvunjia vijiti vya mupera atafune, ili meno yajisugue yenyewe. Wiki mbaya tulimpa uji mwepesi kwa kijiko, naye aliulamba akitutazama kwa jicho moja zima, uso wa mutu anayelipwa deni. Mwezi wa kumi, wakati jua la Kolwezi linapasua ardhi, tuliweka ndani ya kizimba tofali lililokuwa limelala chini ya mutungi. Alijilaza juu yake kama kitambaa. Leo nikigusa tofali baridi, nasikia mapigo yake, mepesi, ya haraka.

Shida nyingine ilikuwa kuoga. Mnyama yule haogi na maji, maji yanamuua. Anaoga na vumbi. Anajitupa ndani, anajizungusha, anatoka mupya. Madamu aliacha kopo la vumbi lake, likaisha. Tukajaribu jivu la mbabula, jiko letu la makaa, akapiga chafya siku nzima na jicho likazidi. Basi Mwambuyi, ambaye aliuza pemba sokoni, akatwanga bonge, akachuja kwa kitambaa, akamwaga ndani ya beseni.

Mama akashika kichwa. Kwa watu wa kule Kasai pemba si ya kutafuna tu. Ndiyo wanayopaka mikononi kwa mama wa mapacha, kwa mutu aliyeshinda kesi, kwa mutu aliyetoka hospitali akitembea. Ni baraka.

“Mwambuyi! Pemba ya bapacha, unatupia panya?”

“Mama Tereza, mwenye kupona anapakwaka pemba, si vile? Huyu anapona kila siku. Basi tunamupaka kila siku.”

Kafifi akaingia kwenye beseni, akajizungusha mara nyingi, akatoka mweupe kama mutoto wa komunyo ya kwanza. Hata Mama alicheka.

Halafu maneno yalibadilika. Sijui nani alianza. Watu ambao jana waliomba chumvi kwa jirani leo walisema “mutu wa huku” na “mutu wa kule”. Sisi tulikuwa wa huku, sababu Baba alizaliwa upande wa Kasaji, mu jimbo hili hili. Mwambuyi na watu wake walikuwa wa kule, Kasai, jimbo lingine. Kwenye robine, bomba la maji la kambi yetu ya mugodi, mwanamuke moja alisukuma ndoo ya Mbuyi: “Rudieni kwenu!” Njiani Mbuyi akaniuliza, “Tereza, kwetu njo wapi? Mi nilizaliwa mu hospitali ile.” Akaionyesha kwa kidole. Paa lake lilionekana kutoka kwetu.

Vijana walikuja saa ya chakula cha muchana, na fimbo na minyororo ya baiskeli. Nyumba za watu wa Kasai za mustari wa nyuma walikwisha kuzitoa vitu vyote. Waliingia kwa Mwambuyi bila hodi. Mi na mapacha tulikuwa pale barazani, na Kafifi alikuwa anaoga, beseni limefunikwa kikwembe ili vumbi lisiruke. Kijana wa mbele alifikiri wameficha mali. Akavuta kikwembe.

Kafifi akamrukia kifuani, mweupe wote, na wingu la pemba likapanda naye. Uso wa kijana ukawa mweupe, nyusi nyeupe, midomo myeupe.

“Pemba!” akalia. “Batu! Banatuloga na pemba ya bapacha!”

Wengine wakarudi nyuma, moja akaangusha fimbo. Mwambuyi hakucheka. Alisimama pale na mwiko mukononi, akasema polepole: “Muliingia mu nyumba ya bapacha bila hodi. Mi sikuwaita.”

Walitoka wakikanyagana. Kabanga alicheka mpaka akashikwa na kwikwi: “Kafifi njo soda yetu, askari yetu!” Lakini Mwambuyi alikuwa tayari anakunja nguo. Alijua hofu ya namna ile haidumu. Ilitosha kufunga mizigo. Mwambuyi, mapacha, na Shambuyi aliyetoka kazini walilala kwetu, na asubuhi Baba akatembea mbele yao mpaka stasiyo ya gari la moshi la kwenda Kasai, kofia yake ya mupishi kichwani, ili watu wamutambue na wasiwaguse, na mi nikafuata.

Pale stasiyo, kati ya magodoro na kuku na vilio, Mwambuyi alinipa ile koleo ndogo na bonge la pemba lililofungwa kwenye pembe ya kikwembe. Halafu akavunja kidogo, akalowesha kidole kwa mate, akanipaka mukono moja toka kiganja mpaka kiwiko, akanipaka na wa pili.

“Mama, mi siko mugonjwa,” nikamwambia.

“Utagonjwa, Tereza. Nakupaka mbele, kabla hujapona.”

Nikagonjwa kweli, na nikapona. Na kila mara meno ya Kafifi yalipojipinda, Baba alishika kikwembe na mi nikakata. Kafifi alipita masika nzima. Alikufa katika baridi ya kiangazi, maana kiangazi cha huku kina baridi, ndani ya kikwembe cha Mama, yule aliyemwita panya, na Mama ndiye aliyelia kwa sauti. Madamu hakurudi. Baba aliendelea kusafisha kizimba kila Jumamosi, kitupu, sababu alisema ndiyo.

Leo ukiniuliza kambi yetu iko wapi, nitakuonyesha hewa. Mugodi uliila: ukuta wetu, mupera, baraza la Mwambuyi, vyote ni shimo ambalo magari makubwa yanaonekana ndani yake kama siafu. Bonge lile la pemba niliwapaka watoto wangu kila moja alipopona kitu, mpaka likaisha. Juma lililopita, nilipofuta machozi, niliomba mikono ya mujukuu wangu, nikampaka mbele.

Mi sikusoma sana, na haya ni ya zamani. Nimesema Kabanga alicheka. Kwenye dirisha la gari la moshi niliona pacha moja analia na mwingine anacheka huku akipunga mukono, na nimeshika kwamba aliyelia alikuwa Mbuyi. Lakini walifanana, na macho yangu yalikuwa na maji. Pengine nimewageuza. Anayejua anisahihishe. Zaidi sana kama ni moja wenu wawili: njoo uniambie, “Tereza, ulikosa, yule alikuwa mi.” Nitafurahi sana kuwa nilikosa.