Jina Alilolikataa Mzee Mayala

Barua ya Mzee Mayala ilikuja kwa Kiingereza, kana kwamba ile miaka ishirini na miwili ya kufuma nguo kiwandani Nyakato aliifumia Uingereza. Aliniletea mimi hapa Mabatini kwa sababu nilikuwa na kamusi. Diploma yangu iliishia mwaka wa kwanza, lakini kamusi ya chuo sikuirudisha.

"Soma hilo walilolipigia mstari," alisema.

Lilikuwa ridandanti. Nikamsomea: asiyehitajika tena kazini kwa kuwa watu wamezidi. Kiwanda kilikuwa kimepata mwekezaji. Kamusi ikaongeza kwamba neno limetoka Kilatini, kwenye maji yanayojaa mpaka yakafurika. Nikamweleza na hilo, maana msomi wa nusu hapendi kubakiza.

Akafikiri. "Maji yakifurika hurudi ziwani. Mimi nirudi wapi?"

Nikafunga kamusi, nikakimbilia utani. Kesho yake niliwakuta wenzake waliopunguzwa wakicheza drafti kwa fundi baiskeli. "Shikamooni, maridandanti." Walicheka mpaka kete zikamwagika, na Mzee Mayala akacheka nao. Haukupita mwezi, kiatu kilichokwisha soli kikawa ridandanti, jogoo asiyewika ridandanti, mchumba aliyeachwa ridandanti.

Siku hizohizo binti yake, Modesta, akajifungua mtoto wa kiume. Sisi Wasukuma mtoto aweza kubeba jina la lile lililokuwapo alipozaliwa: mvua, safari, hata msiba. Wanawake waliokuja kumwona mzazi wakauliza ataitwa nani. Mimi nilikuwa mlangoni nikinywa uji usio wangu. "La mwaka huu mnalijua," nikasema. "Mwiteni Ridandanti."

Walicheka, na jina likashika.

Mzee akanifuata nyumbani. "Gidion, Mayala maana yake nini?"

"Njaa, baba."

"Nilizaliwa mwaka wa njaa. Nimeibeba miaka hamsini, na kila anayenisalimu anaisalimu na yenyewe. Mjukuu wangu hataitwa mtu aliyezidi. Wewe uliyelileta, kaliondoe."

Akampa mtoto jina la Mihayo, yaani maneno. Nami nikazunguka, benchi kwa benchi, genge kwa genge, nikiwaomba watu waache. Kwa kuwa niliomba bila kucheka, walidhani ndio utani mpya. "Gidion naye kawa ridandanti," alisema Getruda muuza dagaa, na genge zima likaangua kicheko.

Mzee hakuchoka. Aliyemwita mtoto Rida mbele yake alimsahihisha polepole, kama anayeunga uzi uliokatika mtamboni: "Mihayo." Akigeuka tu, wanarudia. Mwishowe hata Modesta akawa anamwita Rida. Mihayo akabaki wa babu peke yake.

Mzee Mayala alifariki mwaka wa tisini na nane, mtoto akiwa wa miaka mitano, bila kupata kazi nyingine. Makaburini wakaitwa wajukuu waweke udongo, mmoja mmoja.

"Mihayo."

Mtoto alikuwa amesimama mbele kabisa. Akainamisha kichwa kutazama kaburini, maana aliyekuwa akimwita hivyo ni mmoja tu.

"Mihayo," mwitaji akarudia. Mtoto hakusogea. Alikuwa akisubiri.

Modesta alishindwa kusema kwa kilio. Watu wakanigeukia mimi.

Nikachuchumaa, nikamwita Rida sikioni, naye akaja akachota udongo.